Kikapu Kilichorudi Kitupu

Juu ya redio yangu, hapa Nyumba ya Mungu, pana kitambaa cha zambarau chenye umbo la mraba, kiasi cha sentimita 70 kila upande. Kimekaa hapo miaka mingi kikizuia vumbi la kiangazi, na kila mgeni anapouliza ni cha nini humjibu kuwa ni cha kufunikia redio. Jibu hilo si la kweli. Kitambaa hicho kilitengenezwa Japani kwa kazi ya kufungia zawadi, nami nilichelewa kuielewa kazi yake, kama nilivyochelewa kuelewa kazi ya kikapu kimoja cha ukindu nitakachokieleza katika makala haya.

Wajapani hukiita furoshiki. Msomaji wa Kiswahili akilisikia neno hilo mara ya kwanza hudhani amesikia furushi, na mimi nilidhani hivyo. Maneno haya si ndugu, yamekutana njiani tu. Lao limeundwa kwa maneno mawili, furo, yaani bafu, na shiki, yaani kitu cha kutandika, kwa sababu watu waliokwenda kwenye mabafu ya umma zamani walitandika kitambaa chini, wakavulia nguo zao juu yake, kisha wakazifunga humo zisichanganyike na za wengine. Desturi yenyewe ya kufunga vitu vya thamani kwa nguo ni ya kale kuliko jina hilo. Katika hazina ya Shosoin, huko Nara, vimehifadhiwa vitambaa vya kufungia tangu karne ya 8.

Lakini nianze na kikapu.

Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 1970, na Januari 1971 nikapangiwa shule ya msingi karibu na ufuko wa bwawa hili. Bwawa lilikuwa bado jipya. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 kwa kuyazuia maji ya Kikuletwa na Ruvu, ili kupata umeme wa megawati 8 na kuyaongoza maji ya Mto Pangani yanayokwenda kuendesha mitambo ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani. Aliyelichora bwawa alifikiria umeme. Watu wakaona samaki. Wavuvi walikuja kutoka Ziwa Nyasa na Ziwa Viktoria, wakapiga kambi Lang'ata, Kagongo na kwingineko, na mwaka 1970 zilivuliwa zaidi ya tani 20,000. Perege walikaushwa kwa moshi, wakapangwa kwenye matenga yaliyotandikwa majani makavu, na malori yakawabeba hadi Moshi, Arusha na Tanga. Sisi walimu vijana tuliokuwa tukilipwa mishahara midogo tulikula samaki mchana na usiku. Hatukujua kuwa huo ndio ulikuwa upeo wa neema ile, na kwamba baada ya miaka michache tu nyavu zingekuwa zinatoka na vitoto vya perege.

Mwaka 1972 nilioa binti wa Ugweno, juu milimani. Kwetu Upareni mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawazoeani. Wanaheshimiana kwa mbali, na mara nyingi wanaongea kwa njia ya vitu kuliko kwa njia ya maneno. Hilo nalijua leo. Wakati ule nililiona kuwa ni jambo la kizamani.

Miezi michache baada ya harusi mama mkwe alitutumia kikapu. Alikisuka mwenyewe. Juu alikifunika kwa jani bichi la mgomba lililokaushwa kidogo motoni ili lilainike lisipasuke, akalizungushia kamba ya mgomba na kuifunga fundo moja katikati. Chini mlikuwa na maharage, juu yake ndizi mbivu, na katikati, palipo salama zaidi, mayai saba, kila yai limeviringishwa peke yake katika jani kavu. Aliyekileta ni mdogo wake mke wangu, mtoto wa miaka kama kumi, aliyeshuka mlima, akapanda gari, kisha akatembea uwanda mzima juani bila kuvunja hata yai moja.

Mke wangu alikuwa amekwenda zahanati. Nilimkaribisha shemeji, nikampa uji, nikachukua kisu nikaikata ile kamba. Sikulifungua fundo, nililikata. Nikatoa vitu, nikakikung'uta kikapu, na mtoto alipotaka kuondoka kuwahi gari la jioni nikampa kikapu chake mkononi. Uani kwangu palikuwa na tenga zima la perege wakavu.

Jioni mke wangu aliangalia mayai, akafurahi sana, kisha akauliza, "Umeweka nini?"

"Kwenye nini?"

"Kwenye kikapu cha mama, Mwalimu."

"Kikapu nimemrudishia. Kizima."

Hakusema neno tena usiku ule. Mimi nilidhani amechoka.

Kikapu hakikuja tena. Kila mavuno maharage yaliletwa, tena mengi, lakini yalikuja katika gunia lililoshonwa mdomo, limeandikwa jina langu kwa mkaa na kukabidhiwa utingo wa basi, kama mzigo wa dukani. Mama mkwe hakulalamika kwa yeyote. Alibadilisha chombo, basi.

Nilikuwa na hoja zangu, na ni haki nizitaje. Chuoni tulikuwa tumelelewa katika Elimu ya Kujitegemea, siasa iliyotangazwa mwaka 1967 mara baada ya Azimio la Arusha, na nilijiona mtu mpya. Niliamini kuwa zawadi inayodai zawadi nyingine ni biashara iliyojificha, na kwamba kumwekea samaki mtu aliyeniletea maharage ni kumwambia kuwa nimemlipa. Hoja hiyo niliwahi hata kuitetea mbele ya walimu wenzangu, na nikashinda mjadala. Jambo la kuchekesha ni kwamba shuleni kwetu somo la kazi za mikono lilikuwa na ususi wa vikapu. Niliwafundisha watoto kusuka, nikawapa alama. Jinsi ya kukituma kikapu na jinsi ya kukirudisha havikuwamo katika muhtasari.

Miaka ikapita, nikahamia kufundisha chuo cha ualimu. Nilijaribu mara moja kujirekebisha bila kukiri kosa. Ilikuwa mwaka 1984. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, maduka yalikuwa yamebaki rafu tupu, na doti ya kanga ilipatikana kwa kupanga foleni na kuandikisha jina. Nilipata doti moja, nikaifunga katika karatasi ya kaki ya ofisini, nikaibandika kwa gundi kama barua ya serikali, nikamwambia mke wangu apeleke Ugweno. Alipouliza kanga ina jina gani nilijibu kuwa sikulisoma. Akaipasua karatasi, akasoma, akaketi kitandani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Lilikuwa jina la kuwasuta wasengenyaji. Ningemtumia mama mkwe maneno ambayo mwanamke hununua ili kumpitisha nayo jirani mlangoni. Aliibadilisha na mke wa mwalimu mwenzangu aliyekuwa na jina la kumwombea mama maisha marefu.

Hapa ningependa kukaa kidogo kwenye kanga, kwa sababu ndiyo zawadi yetu inayokaribia sana usanii wa Wajapani, na kwa sababu historia yake inapitia huko huko kwao. Nguo hii ilianza pwani, Unguja na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Jina lake la Mombasa, leso, limetoka katika Kireno, na inasimuliwa kuwa wanawake walinunua vitambaa vya mkononi kabla havijakatwa kimoja kimoja, wakaviunganisha kuwa nguo moja pana. Jina la kanga ni la yule ndege mwenye madoa. Maneno, ambayo sisi huyaita jina, yaliongezwa baadaye, na mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, hutajwa mara kwa mara katika habari hiyo. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi.

Kanga hizo hazikuchapwa huku. Zilichapwa Ulaya na India, na kati ya vita viwili vya dunia, na tena baada ya Vita vya Pili, viwanda vya Japani vilichapa nyingi sana kwa soko la Afrika Mashariki. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Kwa hiyo doti nyingi walizopewa mama zetu walipoolewa zilivuka bahari kutoka nchi ya furoshiki. Mwanamke wa Ugweno alifunga senti zake katika pindo la nguo iliyotoka Japani, na hakuna aliyemweleza, wala hakuhitaji kuelezwa.

Kanga hutolewa doti nzima, vipande viwili, na mpokeaji mwenyewe ndiye hukata na kupinda. Mtoaji mwenye adabu huisoma kwanza, kwa sababu jina litasemwa kwa sauti yake hata asipokuwapo. Na kanga haihitaji karatasi. Inakunjwa, inajifunga yenyewe.

Sasa nirudi kwa Wajapani. Mkoani kwetu hawakuwa wageni kabisa. Vijana wao wa kujitolea wamekuwa wakija Tanzania tangu 1967, na katika miaka ya 1980 nchi yao ilisaidia mradi mkubwa wa umwagiliaji wa mpunga katika uwanda wa chini ya Moshi, Mabogini na Chekereni. Mwaka 1994 kijana mmoja wao alikuja kufundisha sayansi katika shule ya sekondari iliyopakana na chuo chetu. Aliishi peke yake. Mke wangu akamhurumia, akamtumia bakuli la makande.

Siku ya pili bakuli lilirudi. Limeoshwa, limefutwa, na ndani mna viberiti viwili na karatasi nyeupe zilizokunjwa vizuri. Mke wangu alikishika kile kiberiti akakitazama kama mtu aliyepokea barua kutoka nyumbani. "Huyu amelelewa," akasema. Hakunitazama.

Nilimuuliza yule kijana. Akaeleza, kwa Kiswahili chake cha miezi sita, kuwa kwao jirani akikuletea chakula katika chombo, chombo hakirudishwi kitupu. Huwekwa kitu kidogo, na zamani kiberiti au karatasi vilitosha. Kina jina lake, outsuri. Hakiwi malipo, alisema, kwa sababu ni kidogo mno kuwa malipo. Ni alama kwamba mkono uliopokea haujafunga mlango. Niliketi pale na hoja yangu ya mwaka 1972, ile iliyoshinda mjadala, nikaiona imekufa kwa viberiti viwili.

Tangu siku ile nikawa mwanafunzi wake. Alinifundisha kuwa zawadi kwao hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili, na kwamba kwa desturi ya zamani mpokeaji haifungui mbele ya mtoaji, ili uso wake usilazimike kusema uongo. Nikamwambia kuwa hata kwetu mama huipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kisha huiingiza ndani bila kuitazama. Alinieleza juu ya nyuzi za karatasi zinazoitwa mizuhiki, nyekundu na nyeupe kwa furaha, nyeusi na nyeupe kwa msiba, na kwamba fundo lenyewe lina maana. Zawadi ya mtoto aliyezaliwa hufungwa fundo linalofunguka kwa urahisi, maana kuzaliwa ni jambo la kuombwa litokee tena. Zawadi ya harusi hufungwa fundo ambalo haliwezi kufunguka, maana ndoa inatakiwa iwe moja. La msiba pia halifunguki, kwa sababu ile ile. Niliposikia hayo nilikumbuka ile kamba ya mgomba na kisu changu. Sijui kama fundo la mama mkwe lilikuwa na jina, na sikuwahi kuuliza.

Lililonifurahisha kuliko yote, mimi mtu wa samaki, ni noshi. Ni alama ndogo juu ya zawadi ya heri, siku hizi karatasi tu iliyokunjwa au picha iliyochapwa. Asili yake ni ukanda mwembamba wa konokono wa baharini aliyekaushwa. Kumbe taifa lenye maduka yanayoajiri watu kukunja karatasi kwa mshazari bado hubandika kumbukumbu ya kitoweo kikavu juu ya zawadi! Wavuvi wa Lang'ata wangeelewa mara moja.

Na yale mayai saba? Msanifu wa Kijapani, Hideyuki Oka, alitumia miaka kukusanya vifungashio vya jadi vya nchi yake, vya majani ya mpunga, mianzi na majani ya miti, akiona kuwa viwanda vinavifuta. Kitabu chake, ambacho jina lake la Kiingereza linahusu namna ya kufunga mayai matano, kilitoka kwa lugha hiyo mwaka 1967. Mwaka huo huo sisi tulikuwa tukijifunza kujitegemea. Hakuna aliyekwenda Ugweno kuandika jinsi mama anavyofunga mayai saba, na sisi walimu, tuliokuwa karibu, tuliyakaanga.

Alipoondoka, mwaka 1996, yule kijana alikuja nyumbani na kifurushi cha kitambaa cha zambarau. Akalifungua fundo taratibu, akakikunja kitambaa, akaigeuza sanduku ndogo ya majani ya chai ili uso wake unielekee, akaitoa kwa mikono miwili. Kwa desturi mtoaji huondoka na kitambaa chake. Yeye alikiacha, akasema nacho ni zawadi. Mke wangu alikuwa amejiandaa. Alimpa doti ya kanga, na jina alikuwa amelisoma mara tatu.

Mama mkwe alifariki mwaka uliofuata. Msibani nilikaa karibu na daftari la rambirambi, kazi ambayo hupewa walimu kila mahali, nikiandika jina na kiasi. Wajapani nao hupokea fedha za msiba mlangoni na kuandika majina, wala hawapendi noti mpya kabisa, kwa kuwa noti mpya inaonyesha kuwa uliuandalia msiba ule. Kwetu noti huwa zimechoka bila mtu kufikiria adabu. Nilikuwa nikiwaza hayo ili nisiwaze mengine, pale mke wangu alipotoka ghalani na kikapu mkononi.

Nilikitambua. Ukindu wake ulikuwa umekuwa wa kahawia kwa moshi, lakini chini hakikuwa na alama ya kuchakaa. Wifi yake alisema kilitundikwa juu ya jiko miaka mingi, na mama hakuruhusu kitumike shambani wala sokoni. Alikuwa akisema kuwa hakijarudi.

Mke wangu alikiweka miguuni pangu mbele ya wanawake wote, akaendelea na kazi. Tulishuka nacho.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Nilistaafu mwaka 2009 nikiwa mwalimu mkuu, tukarudi kuishi huku ufukoni. Harusi za wajukuu zetu zina kadi za michango, na zawadi zinakuja katika karatasi zinazong'aa ambazo hupasuliwa na kutupwa kabla ya keki kuliwa. Marehemu Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004, alitembelea Japani mwaka uliofuata, akakuta neno mottainai, linaloonyesha uchungu wa kupoteza kitu kinachofaa, akazunguka nalo duniani. Nilifurahi kuwa mtu wa milima yetu ya Afrika Mashariki ndiye aliyewakumbusha Wajapani thamani ya neno lao. Na tarehe 1 Juni 2019, serikali yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wanawake wa hapa walishusha vikapu darini siku hiyo hiyo. Vijana walilalamika wiki nzima.

Sisi hatukukishusha chetu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa na sababu, mara samaki ni wadogo, mara barabara mbaya, mara nimesahau. Mwezi uliopita nilikwenda mwenyewe kwenye boti asubuhi nikanunua perege saba wakubwa, kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya mke wangu. Tuliwakausha kwa moshi. Nilimwomba jani la mgomba jirani anayemwagilia, nikalipitisha motoni, likapasuka. La pili likapasuka. La tatu mke wangu akaninyang'anya. Yeye ndiye aliyefunga fundo. Tulikituma Ugweno kwa bodaboda, kwa yule shemeji aliyeleta kikapu akiwa na miaka kumi, ambaye sasa ni babu na ndiye anayekaa katika nyumba ya mama yake.

Alipiga simu jioni kushukuru. Alisema samaki wamefika salama. Juu ya kikapu hakusema kitu.

Hakijarudi bado. Mke wangu ameniambia nisiulize.